Usiguse Hapa

Katika chumba cha kompyuta cha shule yetu kuna mashine moja kuukuu ambayo haizimwi ila umeme ukikatika. Ndani yake mna programu inayotunza majina na alama za wanafunzi wote, nayo ndiyo itoayo zile ripoti ambazo kila mmoja wetu huzipokea mwisho wa muhula huku moyo ukimdunda. Programu hiyo haikununuliwa dukani. Aliitunga mwanafunzi wa shule hii hii, mkubwa wetu aliyekwisha kuondoka siku nyingi, na tangu alipoondoka imekuwa ikipita mkono kwa mkono, kutoka Kidato cha Sita hiki hadi kile, hata ikanifikia mimi. Bwana Mhariri ameniomba niandike jambo lenye faida kwa wanafunzi na kwa ndugu zetu waliomaliza. Nimeona niandike juu ya urithi huu, maana ninayo maneno kwa hao wote wawili, na mengine si matamu.

Kwa wasiojua, programu ni maandishi. Mtu huandika amri mstari kwa mstari, na kompyuta huzisoma na kuzitii pasipo kuuliza. Maandishi hayo wataalamu huyaita msimbo. Ukiandika vizuri mwenzio ataweza kusoma na kufahamu ulitaka nini. Ukiandika ovyo kompyuta itatii vile vile, kwani yenyewe haijali uzuri wa mwandiko. Atakayetaabika ni mtu atakayekuja nyuma yako.

Msimbo niliorithi ulikuwa na mistari 6,140 katika faili moja tu. Hesabu ya kupata wastani wa alama ilikuwa imeandikwa mara tisa, mahali tisa mbalimbali. Amri za "ikiwa" zilikuwa zimeingiana, moja ndani ya nyingine, hata mahali pamoja nikahesabu kumi na moja, kama masufuria ya mwuza vyombo. Vile visanduku ambavyo kompyuta huwekea hesabu zake sharti vipewe majina. Mkubwa wetu alikiita kimoja x, kingine xx, kingine xxx, na kimoja akakiita ugali. (Nadhani hicho alikiandika kabla ya chakula cha mchana.) Maelezo hayakuwapo popote, isipokuwa karibu na mstari wa 2,700, ambapo palikuwa na maneno haya kwa herufi kubwa: USIGUSE HAPA. NIULIZE KWANZA. Hakuandika jina lake wala namba ya simu.

Kijana wa miaka kumi na tisa akiona maneno kama hayo hufanya nini? Niligusa.

Napenda kueleza jinsi ilivyokuwa, nisije nikaonekana najitetea. Sehemu ile ilikuwa na mistari kama 300, na kazi yake, kwa kadiri nilivyoweza kuona, ilikuwa kumtambua mwanafunzi tu, yaani kujua alama hizi ni za nani. Nikaona ni upuuzi. Je, jina la mtu na tarehe yake ya kuzaliwa havitoshi? Lakini mwandishi yule alikuwa akizunguka mbuyu: mara ayapindue majina, la kwanza liwe la mwisho, mara atafute jina la mama, mara akikuta tarehe fulani aitupe kabisa asiitazame. Nikasema moyoni, bwana huyu alitaka kutuonyesha kwamba anajua mengi. Nikaifuta mistari 300 yote, nikaandika minne badala yake. Nikaijaribu kwa majina ya darasa langu, ikafanya kazi sawasawa, tena kwa upesi kuliko kwanza. Nikaenda kulala nikijiona fundi.

Mwisho wa muhula ripoti zikatoka. Katika Kidato cha Pili walikuwapo wavulana wawili wenye majina yale yale, wote wawili kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na wote wawili, kwa karatasi, wamezaliwa tarehe 1 Januari ya mwaka mmoja. Mistari yangu minne iliwafanya kuwa mtu mmoja. Alama za mmoja zikafunika alama za mwingine. Wa kwanza alipata ripoti yenye alama zisizo zake, na wa pili hakupata ripoti hata kidogo, kwa sababu katika hesabu ya kompyuta hakuwapo.

Wasomaji walio watu wa Nakivale wamekwisha kufahamu, walakini wengine waliozaliwa hapa Mbarara huenda wakashangaa. Makazi ya Nakivale yako katika wilaya ya Isingiro, kando ya ziwa lenye jina hilo. Ni ya zamani sana. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda, na leo wamo watu wa Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko. Mtu anayekimbia usiku hakumbuki kuchukua cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Afikapo mbele ya meza ya kuandikishwa huulizwa, mtoto huyu alizaliwa lini? Mama hujibu, alizaliwa tulipokuwa tukivuna maharage, mwaka ule mjomba wake aliooa. Karani katika fomu yake hana mahali pa kuandika maharage. Basi huandika mwaka, kisha hujaza 1 Januari. Hata katika nchi nyingine wakimbizi huandikwa hivyo. Kwa hiyo sisi tuliozaliwa siku ya Mwaka Mpya ni wengi kupita kiasi. Nasema "sisi" kwa kuwa na mimi ni mmoja wao. Majina nayo yana mambo yake: karani huyu hutanguliza jina la ukoo, yule hutanguliza la ubatizo, na shule ikipokea karatasi hugeuza tena. Ndugu watatu wa tumbo moja waweza kuwa na majina yasiyofanana hata moja, na watu wasiojuana kabisa wakawa na majina sawa.

Tazameni basi aibu yangu. Mtoto wa mjini angeweza kusamehewa. Lakini mimi, ambaye karatasi zangu zote zina tarehe 1 Januari 2007, ambaye mama yangu hunicheka kila mwaka siku hiyo na kusema kwamba mvua ya siku niliyozaliwa haikuwa ya Januari, mimi ndiye niliyeona ni upuuzi programu kuitupa tarehe hiyo.

Yule kijana wa pili hulipiwa karo na mfadhili, na sharti lao ni kupelekewa ripoti kila muhula. Ripoti haikwenda, na fedha hazikuja. Muhula mpya ulipoanza hakurudi. Wiki ya tatu nilipata ruhusa ya siku mbili kwenda nyumbani, nikamkuta Juru akisukuma baiskeli yenye madumu manne ya maji. Hakujua kwamba ni kazi yangu. Aliniamkia kwa adabu, kisha akasema, "Kaka, walisema kompyuta haina jina langu. Kwani nilifukuzwa?"

Nilimweleza pale pale barabarani, naye alisikiliza akishikilia baiskeli isianguke. Sikumbuki kama alikasirika. Aliuliza tu kama sasa jina litakuwapo. Niliporudi shuleni nilimwambia Mwalimu wetu wa kompyuta kila kitu, naye hakunipiga wala hakunifukuza katika chama, ingawa nilitazamia moja kati ya hayo. Kwa bahati alikuwa amenilazimisha kuweka nakala ya programu ya zamani kabla sijaanza. Tukairudisha, ripoti ikatoka, mfadhili akalipa. Kijana alirudi darasani akiwa amekosa wiki tano.

Sasa nikafanya lile lililoandikwa. Nilikwenda kumtafuta mwenyewe nimwulize. Namba yake nilipewa na mmoja wa viongozi wa chama cha wanafunzi wa zamani. Vocha ya simu nilinunua kibandani Ruti, na simu ilikuwa ya Mwalimu, maana sisi wa bweni haturuhusiwi simu. Nilimwambia, "Kaka, mimi ni mdogo wako wa shule. Nimerithi programu yako."

Akacheka sana. "Ati bado inaishi?"

"Inaishi, kaka."

"Na pale, uligusa?"

"Niligusa."

Akanyamaza kidogo. Kisha akanisimulia kwamba katika mwaka wake jambo lile lile lilitokea kwa wasichana wawili, na mmoja alikaribia kukosa kuandikishwa mtihani wa taifa. Naye alikuwa Kidato cha Tano tu, hana mwalimu wa kazi hiyo, anajifunza huku anaandika. Kila lilipotokea jambo jipya aliongeza mistari, kwa hofu ya kuharibu iliyokwisha kufanya kazi. "Mdogo wangu," alisema, "sikutaka kuwa mgumu. Sikujua njia nyepesi."

Nilikuwa nimemdhania majivuno, kumbe ilikuwa hofu. Lakini hata hivyo nilimwambia, kwa heshima yote, "Kaka, uliandika tusiguse. Hukuandika kwa nini. Ungeandika mstari mmoja tu wa habari za wale wasichana, nisingegusa." Akakubali.

Hili ndilo neno langu kwa ndugu zetu waliomaliza. Mlituachia vitu vingi vizuri, nasi twashukuru. Lakini mliondoka na sababu zake vichwani mwenu. Nimekwisha kuona katika programu hii mstari usemao kwamba ikiwa mwaka ni 2021 basi uruke, usimhesabie mtu darasa. Nilipouona mara ya kwanza nilidhani ni mzaha. Kisha nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe niliingia Kidato cha Kwanza mwaka 2020, shule zikafungwa mwezi Machi kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote mpaka Januari 2022, ambapo tulipandishwa darasa tu kama mizigo. Mimi nilikumbuka kwa sababu yalinipata. Mtoto atakayerithi programu hii miaka kumi ijayo atakumbuka nini? Ataona mwaka unaorukwa, atasema yule mzee alikuwa mjinga, ataufuta.

Sasa nigeuke kwa wenzangu. Katika Chama cha Kompyuta kuna wengi waliosema, na mpaka leo wasema, kwamba takataka hii ichomwe, tuandike mpya. Tulikuwa na mjadala mkali Jumamosi moja, na mwenzetu mmoja, hodari kweli wa maneno, alisimama akasema hatuhitaji hata kuandika sisi; tuipe akili mnemba kazi hiyo usiku mmoja, asubuhi tutaamka tukute programu safi. Makofi yakapigwa. Sikatai kwamba akili mnemba huandika upesi na kwa mwandiko mzuri. Hata mimi huitumia nikitaka kufafanuliwa mstari uliopindapinda. Lakini niliwauliza wenzangu, je, mtaiambia nini? Mtaiambia iandike programu ya kutunza alama, nayo itamtambua mwanafunzi kwa jina na tarehe ya kuzaliwa, kama nilivyofanya mimi. Itafanya kosa langu kwa uzuri zaidi. Habari za Nakivale hazikuwa zimeandikwa popote ila ndani ya mistari ile 300 mibaya.

Wakubwa wa dunia nao wamejikwaa papo hapo. Kampuni ya Netscape ya Marekani ndiyo iliyokuwa na programu mashuhuri ya kusomea kurasa za intaneti katika miaka ya 1990. Mwaka 1998 waliamua kuuacha msimbo wao wa zamani, wakaanza kuandika upya. Toleo jipya halikutoka mpaka Novemba 2000, na muda huo wote hawakuwa na kitu kipya cha maana cha kuwapa watu, na mshindani wao, Microsoft, hakuwa amelala.

Mpinzani wangu katika mjadala alikuwa amejiandaa. Alileta habari ya Kenya ambayo sikuweza kuipinga, na sitaki kuificha hapa. Katika kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, mwaka 2001 waliweka programu ya kutunza habari za wagonjwa, iliyotengenezwa kwa Microsoft Access. Ilifanya kazi njema kwa kituo kimoja. Lakini matibabu ya UKIMWI yalipoenea na kliniki zikawa nyingi, madaktari wawili Wamarekani, Burke Mamlin na Paul Biondich, walifika Eldoret mwaka 2004, wakaona kwamba mtumbwi ule hauwezi kubeba abiria wote wale. Wakaanza kazi mpya kutoka chini, nayo ndiyo OpenMRS, ambayo imeenea katika nchi nyingi. Hata UgandaEMR, inayotumiwa katika vituo vya afya vya hapa kwetu, imejengwa juu ya hiyo. "Je," akaniuliza mbele ya watu, "nao wangebaki kufagia fagia?"

Nilikaa chini siku ile bila jibu. Nimelipata baadaye, nalo nimelitoa nyumbani Nakivale. Mwaka 2018, nikiwa na miaka kumi na mmoja, tuliitwa wote kwenye mistari, watu wazima na watoto, tukawekwa vidole juu ya kioo na kupigwa picha ya mboni za macho. Serikali ya Uganda pamoja na UNHCR walikuwa wameona kwamba daftari la wakimbizi wa nchi nzima haliaminiki tena. Daftari lilisema tu watu kama 1,400,000. Mwezi Oktoba kazi ilipomalizika, walioonekana kwa macho walikuwa kama 1,100,000. Hapo palikuwa pa kuanza upya, sina ubishi. Lakini waliwezaje kuanza upya? Kwa sababu jambo walilotaka kujua lilikuwa limesimama mbele yao juani, na mama yangu amelishika mkono. Kila mtu aliulizwa mwenyewe. Nao wa Eldoret walikuwa na wauguzi na makarani wa kliniki wa kuwauliza, na walikuwa wanahitaji kitu kikubwa ambacho cha zamani hakikuweza kuwa hata kingesafishwa vipi.

Sisi shuleni programu yetu hufanya kazi ileile iliyotungiwa, kwa wanafunzi wasiozidi kiasi kile kile. Na wa kuulizwa hawapo: wametawanyika Kampala, Kigali, wengine Ulaya na Marekani. Kilichobaki cha kuulizwa ni msimbo wenyewe. Ukiuchoma umemchoma shahidi. Nalisema hili katika gazeti kwa kuwa siku ya mjadala sikuwa nalo.

Lakini msinielewe vibaya, mkadhani naabudu vya zamani. Wapo upande wa pili ambao tangu habari ya yule kijana ienee wanasema, "Iacheni, inafanya kazi." Hao nao nawapinga, tena kwa nguvu. Chukueni mfano wa sehemu ya kupanga madaraja ya Kidato cha Nne. Mtaala wa zamani ulikuwa na D1 mpaka F9, na jumla ya masomo manane bora. Mwaka 2024 kundi letu ndilo lililokuwa la kwanza kufanya mtihani wa mtaala mpya, wenye herufi A mpaka E. Ile hesabu ya zamani imebaki ndani ya programu, imefungamana na mpya, ikingoja mtu abonyeze mahali pasipo. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani, iliyokuwa ikifanya biashara ya hisa, ilikuwa na kipande cha msimbo walichoacha kukitumia tangu 2003 lakini hawakukiondoa. Siku chache kabla yake walikuwa wametia msimbo mpya katika kompyuta saba kati ya nane; ya nane ikasahauliwa, nayo siku hiyo ikakiamsha kile cha zamani. Kwa muda wa dakika 45 kikanunua na kuuza hisa kama mwenda wazimu. Hasara ilizidi dola milioni 440.

Nilitaka basi kuufuta ule wa D1 mpaka F9, nikakumbuka adabu niliyofundishwa, nikauliza kwanza. Karani wa ofisi akaniambia kwamba kila mwezi huja mzee fulani wa zamani anayetaka nakala ya ripoti yake ya mwaka 2016 au 2018 apeleke kazini. Kumbe msimbo ule haukufa, umelala tu. Nikautoa katikati ya mpya, nikauweka katika faili lake peke yake, na mlango wake mmoja. Mwanafunzi wa leo hawezi kuuingia hata kwa bahati mbaya.

Namna yangu ya kufanya kazi sasa ni ya polepole, na wenzangu hunicheka. Ofisini kuna ripoti za mihula minne zilizokwisha kutolewa kwa karatasi. Hizo ndizo kipimo changu. Nabadilisha kitu kimoja kidogo, kama kumpa x jina linalofahamika, kisha naitoa upya mihula yote minne na kuilinganisha na ile ya karatasi. Kama alama ya mtu mmoja imesogea, narudisha nilivyokuta na kutafuta sababu. Nisipoona tofauti, naandika nimebadilisha nini na kwa ajili gani, kisha naenda kwa jingine. Siku nyingine umeme hukatika nikiwa nimemaliza mabadiliko mawili tu tangu saa kumi.

Kwa njia hii ndipo nilipogundua siri ya zile hesabu tisa za wastani. Nilipotaka kuziunganisha ziwe moja, ripoti za Kidato cha Nne zilikataa kulingana. Nane zilikuwa sawa. Ya tisa ilikuwa ikitupa nusu ya alama, kwamba mwenye 49.5 ameandikiwa 49 ambapo darasa jingine angeandikiwa 50. Nilinunua vocha tena. "Hilo ni kosa langu," mkubwa wetu akasema, "hilo halina sababu." Kwa hiyo kwa miaka yote hiyo wako wanafunzi wa Kidato cha Nne waliodhulumiwa nusu alama, na labda baadhi yenu mnaosoma sasa ni hao. Mimi nilitaka ripoti zote za nyuma zitolewe upya. Mwalimu akakataa, akasema karatasi iliyokwisha kutiwa sahihi haibadilishwi na mtoto, na kwamba turekebishe kuanzia sasa. Nilitii, lakini sijakubali.

Leo programu ina mistari 2,380 katika mafaili saba. Ile sehemu ya kumtambua mwanafunzi imepungua kutoka 300 hadi 64, na bado yaitupa tarehe 1 Januari na kutafuta jina la mama. Maneno USIGUSE HAPA nimeyaondoa. Mahali pake nimeandika habari za wale wasichana wawili na za wale wavulana wawili, pasipo majina yao, na jinsi kosa lilivyopita katika mikono yangu, na mwaka. Nimetia pia namba ya simu ya nyumbani Nakivale, ambayo si yangu ila ya baba, naye husikia vizuri zaidi jioni.

Baada ya mitihani ya mwisho wa mwaka nitaondoka. Wadogo wawili wa Kidato cha Tatu wamekwisha kuanza kukaa nami Jumamosi. Hupewa mstari mmoja mmoja wanieleze wanadhani kazi yake nini, kabla sijawaambia. Mmoja wao ana kipaji kweli, ijapokuwa ana haraka kama niliyokuwa nayo mimi.

Limebaki jambo moja. Kuanzia mstari wa 1,912 kuna mistari kama arobaini ambayo kila muhula wa pili huongeza siku mbili katika tarehe ya kufunga shule, kisha huziondoa tena. Hesabu zake zote huwekwa katika kile kisanduku kiitwacho ugali. Nimeijaribu, nimeuliza ofisini, nimeuliza jikoni, hakuna ajuaye. Nimempigia mkubwa wetu mara mbili tangu Pasaka, simu haipokelewi, na nasikia amehama kazi. Kaka, kama gazeti hili litakufikia: sijagusa. Nakuuliza kwanza.